Ufito wa Bati Usiolia

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, baba yangu ameketi kwenye kigoda chake barazani, ameshika ufito wa bati kwa mikono miwili, anaupinda taratibu karibu na sikio lake la kulia. Alipinda, akatulia, akapinda tena. Kisha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, akauweka pamoja na wenzake, akachukua mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na kapu la mkaa, na masikio yangu siku zile yalikuwa mazima kuliko sasa. Nilisubiri nisikie mlio. Sikusikia kitu.

Ngoja nikueleze kwanza kazi yenyewe, maana ninyi wa leo mmezaliwa mkakuta sufuria za alumini na ndoo za plastiki, mnadhani dunia ilianza hivyo. Baba alikuwa fundi wa kutia bati hapa Tabora, mtaa wetu wa Ng'ambo. Zamani shughuli zote kubwa, harusi, maulidi, hata matanga, wali ulipikwa kwenye sufuria za shaba nyekundu, kubwa kiasi cha mtu mzima kukaa ndani. Nyingi zilikuwa zimekuja kutoka pwani vichwani mwa wapagazi, enzi zile njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipokuwa ikipita katikati ya mji huu, na wajukuu wa waliozibeba ndio waliokuwa wakizipikia. Kila mtaa ulikuwa na yake, na kila mtaa uliapa kwamba ya kwao ndiyo kubwa.

Shaba ni madini yenye tabia njema jikoni. Moto ukiigusa chini, mara umeenea pande zote, wali hauungui upande mmoja ukabaki mbichi upande wa pili. Lakini ina ubaya wake. Ukiiacha uchi ukapikia nyanya, ndimu au ukwaju, inatoa kutu ya kijani, na kutu hiyo imewatapisha wageni wengi kwenye harusi nzuri. Ndiyo maana sufuria ya shaba huvishwa bati kwa ndani, siyo haya mabati ya paa bali madini yenyewe, ngozi nyembamba nyeupe inayong'aa. Bati halipigani na chakula. Ila upawa hulikwangua kidogo kidogo, na shaba ikianza kuchungulia, sufuria inapelekwa kwa fundi.

Kazi ya kusafisha ilikuwa yangu, na sijapata kazi nyingine niliyoipenda vile. Baba alimwaga mchanga na majivu ndani ya sufuria, akaweka kipande cha gunia, mimi nikaingia pekupeku, nikashika nguzo ya baraza, nikaanza kuzungusha kiuno na nyayo mpaka shaba ikawa nyekundu kabisa. Watoto wa mtaa walikuja kunicheka. Hata nilipokwisha kuwa msichana mkubwa nilikataa kuachia nafasi yangu, mama akasema nitaolewa na sufuria. Baada ya hapo baba aliipasha kwenye mkaa, akarushia chumvi yake nyeupe yenye moshi mkali, akagusisha ufito wa bati, nalo likayeyuka pale pale kama samli. Akalieneza kwa pamba, pamba ya Nzega, mkono unazunguka haraka kabla halijaganda. Kufumba na kufumbua, wekundu wote umekuwa weupe. Mimi leo ni bibi kizee, na bado nikifumba macho naona mkono ule.

Akiwa anafanya kazi baba alipenda kunisimulia madini kama mtu anavyosimulia ukoo wake. Chuma, alisema, ni cha kwa mama yako. Na kweli, mama alikuwa Mnyamwezi wa Igalula, na babu yake alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiyeyusha mawe ya chuma kwa mivukuto ya ngozi na kufua majembe. Majembe hayo yalitumika kulima, yakauzwa kwa misafara, na yakatolewa mahari. Mama alikuwa akijigamba kwamba bibi yake aliolewa kwa majembe, siyo kwa noti zinazochanika. Chuma kina nguvu kuliko wote, ila maji na hewa vinakila, ukikisahau nje masika mbili tatu unakuta wekundu mtupu.

Shaba ilitoka magharibi, Katanga, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi wetu waliileta, nyingine ikiwa vipande vyenye umbo la msalaba, ikavutwa kuwa waya, wanawake wakaviringisha miguuni. Laini, inavutika, haikatiki ovyo. Leo nasikia ndiyo inayopitisha umeme kwenye nyaya zenu. Dhahabu ilikuwa jirani, Nzega, pale Lusu, na mbele zaidi Geita. Baba hakuiheshimu sana. Alisema ni madini mavivu, hayaoti kutu kwa sababu hayashirikiani na yeyote, na laini mno hata kisu huwezi kutengeneza. Nadhani alisema hivyo kwa sababu hakuwahi kuwa nayo.

Risasi, siyo ya bunduki bali yale madini ya kijivu, ndiyo aliyoichukia. Hiyo ilitoka Mpanda, kwenye mgodi uliofanya hata reli ikajengwa kukatiza pori kutoka huku kwetu. Nzito, laini kiasi cha kucha kuichora, inayeyuka upesi, na ukiikata leo inang'aa, kesho imefifia. Ina kazi zake, kwenye betri za magari na mahali pengine. Lakini kwenye chakula ni sumu, tena sumu isiyo na haraka. Haikutapishi usiku wa harusi ukajua. Inakaa ndani ya mwili, inamla mtoto akili na nguvu pole pole, na mama yake anabaki kushangaa. Baba alirithi onyo hilo kwa baba yake na alilirudia kila mara, hata pasipo na sababu.

Tatizo ni kwamba risasi na bati hufanana, na huchanganyika vizuri kupita kiasi. Bati lilitoka mbali, Karagwe, huko juu mpakani na Uganda, likawa adimu. Risasi ilikuwa imezagaa. Mtu akiyeyusha nusu kwa nusu, akamimina ufito, macho hayatakuonyesha kitu. Hata sufuria likipakwa linang'aa vilevile, pengine zaidi. Basi mafundi walikuwa na kipimo chao. Bati safi ukilipinda karibu na sikio linalia. Si utani, mwanangu. Linatoa mlio mdogo wa kukwaruza, kama mtu anayekanyaga theluji, angesema mzungu. Mimi ambaye sijaiona theluji nasema kama chumvi ya mawe inayosagwa mdomoni. Likichanganywa na risasi, ule mlio unafifia mpaka haupo. Risasi yenyewe ukiipinda ni kimya tupu.

Sasa unaelewa kwa nini moyo ulinipasuka asubuhi ile.

Baba alikuwa amepoteza masikio. Kugonga shaba miaka yote ile, nyundo juu ya chuma tangu utoto, kulimharibu taratibu, na sisi wa nyumbani tulijua. Hatukuwahi kulitamka. Tulijenga mambo kulizunguka tu, kama watu wanaozunguka kisima kilichobomoka bila kuuliza nani atakifukia. Mteja akija, mama alitoka jikoni na kurudia maneno yake kwa sauti ya juu, akijifanya anamkaribisha. Mtu akimpa baba shikamoo kwa nyuma, mimi nilimgusa bega kana kwamba namtoa vumbi, naye akageuka na kusema marahaba. Tulikuwa hodari kweli. Wageni walisifu jinsi mke na binti wa Fundi Mrisho walivyo na adabu.

Na fito zile, ambazo baba alikuwa amezinunua kwa mchuuzi mmoja aliyeshuka na treni, zilikuwa za sufuria la Bi Hidaya wa Isevya. Alikuwa anamwoza binti yake mwisho wa juma. Sufuria lenyewe lilikuwa mali ya mtaa wao, na lingepikia watu wa mitaa miwili, pamoja na watoto wao wote.

Baba alipoinuka kwenda kuswali, nilichukua ufito mmoja, nikaupinda sikioni. Kimya. Nikajaribu mwingine. Nikauburuza kwenye ukuta wetu uliopakwa chokaa, ukaacha mstari mweusi kama wa penseli. Bati safi haliandiki hivyo. Nikamkimbilia mama jikoni, nikamweleza, mkono bado umeshika ule ufito.

Mama aliendelea kupeta mchele wake, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba baba yangu ana kazi hii moja tu, na siku watu watakapojua hasikii hakuna atakayemletea sufuria. Akaniambia ninyamaze kwanza, yeye atatafuta njia. Usimlaumu, mwanangu. Alikuwa anampenda yule mzee kuliko alivyojipenda. Njia aliyoitafuta haikupatikana. Mchana baba alipasha mkaa, na mimi nikasimama pale nikitazama risasi ikienea kwenye shaba niliyoisugua kwa nyayo zangu mwenyewe. Ilipendeza sana. Kufika alasiri vijana wa Isevya walikuja wakalibeba sufuria lao kwa mti mabegani, wanaimba.

Sikupata usingizi mzuri. Alfajiri nilikuwa nimekwisha amua, lakini sasa nilikutana na shida ambayo sikuwa nimeifikiria. Mtu asiyesikia humnong'onezi siri. Kama ningemwambia kwa maneno ingebidi nipaze sauti, na kuta zetu na za majirani zilikuwa zimeshikana. Basi nilipomkuta uani anatawadha, nilimngoja amalize, nikamshika mkono, nikampeleka kwenye ukuta. Nikachukua ufito uliobaki, nikachora mstari mrefu mbele ya macho yake. Nikaupinda sikioni kwangu, nikamtazama, nikatikisa kichwa kukataa.

Baba aliutazama ule mstari. Aliugusa kwa kidole, akaangalia kidole. Halafu akauchukua ufito, akaupinda sikioni kwake, na nikaona uso wake unavyotega, unavyotafuta, kama anayeita mtu kwenye nyumba iliyohamwa. Alikuwa akiusikia mlio kwa mazoea, mwanangu. Ulikuwa ukilia kichwani mwake tu.

Akaniuliza nimejua lini. Nikaelekeza kidole nyuma ya bega kuonyesha jana. Mama alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na kanga mdomoni, na baba akamwona na akaelewa yote pamoja. Sikuwahi kumwona amekasirika vile, na bado hakupaza sauti.

"Sikio likifa ni kazi ya Mungu," alituambia. "Hili la kuninyamazia ni kazi yenu."

Mama akasema tulitaka kumsitiri. Alilazimika kulisema mara mbili, mara ya pili kwa kelele, na jirani akakohoa upande wa pili wa ukuta.

"Mmenisitiri mimi," baba akajibu, "na watoto wa Isevya nani amewasitiri?"

Akavaa kofia yake, akanishika mkono, tukaenda. Nakumbuka njia nzima nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua anakwenda kufanya nini, na nilijua tukirudi hatutakuwa na kazi. Kwa Bi Hidaya ua ulikuwa umejaa wanawake, wengine wanachambua mchele, wengine wanamenya vitunguu saumu, na lile sufuria limeegemezwa ukutani linang'aa kama kioo. Baba hakusubiri hata kukaribishwa. Alisimama katikati na kusema kwa sauti kubwa, maana alikuwa hajui tena kupima sauti yake:

"Mimi Mrisho sisikii. Nimetia risasi kwenye sufuria lenu nisijue. Msipikie humo. Aliyesikia ni binti yangu huyu."

Bi Hidaya aliweka ungo chini. Alikuwa mwanamke mnene, mtani, ambaye hakuwahi kukosa neno. Kisha akasema:

"Fundi, mbona sisi tunajua siku nyingi kwamba husikii. Tuliona aibu kukwambia. Tulidhani wewe mwenyewe hujui."

Wanawake wengine wakaitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine, macho chini. Mji mzima, mwanangu. Walikuwa wakimletea baba sufuria zao, wanajua kipimo chake ni sikio, wanajua sikio halipo, na kwa heshima walizipeleka nyumbani na kuzipikia watoto.

Baba alinigeukia kuniuliza amesema nini. Nikaweka mdomo sikioni kwake nikayarudia maneno yale kwa kelele, neno kwa neno, mbele ya watu wote. Alikaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa pale. Akacheka, akacheka mpaka akafuta machozi, na baadaye nikaona kwamba kicheko kimekwisha ila machozi bado anayafuta. Bi Hidaya akaja akapiga magoti mbele yake kama anavyomfanyia kaka yake mkubwa. Alishika mkono wa baba, wakakaa hivyo.

Harusi ilifanyika. Kila nyumba ilitoa sufuria yake ndogo, ya alumini au ya chuma, zikapangwa juu ya mafiga ua mzima, na pilau lilitoka la kila namna, jingine limeungua, jingine bokoboko. Watu wa upande wa bwana harusi walinong'ona wiki nzima. Sufuria la shaba tulilirudisha nyumbani, tukalipasha na kulifuta risasi, nikaingia ndani na mchanga wangu nikasugua hadi nyayo zikawaka moto. Tulisugua na mengine yote ambayo baba hakuwa na hakika nayo. Yote yalikaa uchi mpaka bati jipya lilipofika kutoka Karagwe.

Siku lilipofika, baba aliweka vigoda viwili barazani. Mpaka siku ile kilikuwa kimoja. Akaniambia nikae. Mbele ya wateja akanipa ufito wa kwanza, naye akanitazama usoni tu, anangoja. Niliupinda. Ukalia vizuri, ule mlio wa chumvi. Nilicheka, naye akauona uso wangu, akawasha mkaa. Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, na wateja hawakupungua hata kidogo. Walianza hata kukataa kuondoka kabla binti hajasikiliza. Alipofariki, Mungu amrehemu, waliokuja kuzika walikuwa wengi kuliko nafasi ya uwanja wetu.

Sasa nasikia wewe unafunga begi unakwenda Lusu kwa wanunuzi wa dhahabu, na mwenzako anasoma habari za nikeli ya Ngara, na yule mwingine anasema chuma cha Liganga kitachimbwa naye hataki kukosa. Nendeni. Nchi hii imelalia madini kila upande, na mimi sina la kuwazuia. Jifunzeni uzito wake, ugumu wake, kinachokiyeyusha hiki na kinachokifuta kile. Madini ni waungwana: ukiyauliza vizuri yanajibu, hayaoni haya kwa sababu wewe ni mkubwa. Ukiyapinda yatasema, ukiyakwaruza yatasema, ukiyatia motoni yatasema. Na ile zebaki mnayochomea dhahabu jikoni, mbele ya wake zenu wenye mimba, nayo imekwisha sema, ila ninyi ndio mnaojifanya viziwi.

Watu ndio wagumu. Kwa hiyo nakuusia hivi. Ukimwona mkubwa wako anakosea kwa kitu asichokijua, mwambie. Tafuta namna ya adabu, mshike mkono, mpeleke pembeni, chora ukutani kama huna maneno, lakini mwambie kabla sufuria halijabebwa. Adabu inayomwacha mzee peke yake na kosa lake si adabu, ni kumtupa. Na siku itakapofika zamu yako, macho yakapungua au mkono ukatetemeka, nawe sema mwenyewe, mapema, mahali watu wapo. Utaona haya siku hiyo moja tu. Usifikiri watakudharau, wengi watakuwa walikwisha jua, wanakungoja tu.

Mwanangu, Mungu akulinde chini ya ardhi na juu yake. Akujaalie riziki isiyo na sumu ya mtu mwingine ndani yake. Akupe watu wanaokupenda kiasi cha kukwambia, na akupe wewe moyo wa kukaa kitako ukawasikiliza.